Usiku mama mkwe alipotuchorea Mahajanga

Mwaka 2019 familia ilinikabidhi mimi kazi ya kupanga safari ya Madagaska, au Bukini kama wanavyosema wazee wetu hapa Unguja, na niliipokea kwa moyo wote maana mambo ya ramani na hesabu nayapenda tangu skuli. Watu wazima wanne, watoto watatu, wiki mbili za mwezi wa saba, skuli zimefungwa, Ramadhani imepita na sita tumeshafunga. Mume wangu anataka msitu, wifi yangu anataka milima na baridi kwa sababu anaishi Maskati na joto la kule limemchosha, watoto wanataka bahari na lemuri, wale wanyama wa Madagaska wa jamaa ya kima. Mama mkwe peke yake ndo hakutaka kitu. Kila nikimuuliza ananambia "popote mtakaponipeleka mwanangu" na anaendelea kuchambua mchele wake.

Sasa watu wakisikia kisiwa wanadhani unakizunguka kwa siku mbili tatu kama tunavyozunguka Unguja hapa, Mkokotoni hadi Makunduchi na jioni umerudi. Madagaska ni kubwa kuliko Kenya nzima, na barabara zake ndo zinazoamua safari yako, sio wewe. Kutoka mji mkuu, Antananarivo, kwenda msitu wa Andasibe ni kama kilomita 150 tu lakini unahesabu masaa manne, maana hiyo ndo njia ya malori yote yanayotoka bandari ya Toamasina, kona juu ya kona na huwezi kuovateki. Kwa hiyo kila mtu alipoleta ombi lake mimi nilikuwa siulizi ni kilomita ngapi, nauliza masaa mangapi, na usiku gari hazitembei, hilo nililiweka mwanzo kabisa na sikutaka mjadala.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mzuri jamani. Unguja, Nairobi, Antananarivo, tunapumzika. Halafu mashariki Andasibe tukamsikie indri, yule lemuri mkubwa kuliko wote waliobaki duniani, asubuhi familia nzima ya indri inapiga kelele msituni zinasikika mbali sana, na hawezi kufugwa, kila alipowekwa kwenye zuu alikufa, kwa hiyo ukitaka kumuona lazima umfuate kwao. Kisha tunarudi mjini, tunashuka kusini hadi Antsirabe, mita kama 1,500 juu ya bahari, maji moto ya chemchemi, mashamba ya mpunga yamekatwa ngazi ngazi kwenye vilima, wifi yangu apate baridi yake. Mwisho kisiwa kidogo cha Sainte-Marie upande wa mashariki, kwa sababu Julai nyangumi wanapanda kutoka bahari ya kusini kule kwenye barafu wanakuja kuzaa pale, unawaona kutoka kwenye boti. Niliandika yote kwenye daftari la watoto, kila siku na ukurasa wake.

Mtoto wangu wa katikati ndo alileta shida kidogo maana yeye lemuri kwake ni yule mwenye mkia wa pete nyeusi na nyeupe, na yule haishi Andasibe, anaishi kusini, kumfuata ni zaidi ya kilomita 400 kutoka mji mkuu. Nikamwambia mwanangu hatumuwezi huyo, hapo ikawa kilio.

Basi siku moja baada ya isha nikawaita wote barazani, wifi yupo kwenye simu kutoka Maskati anatuona kwa video, nikawasomea mpango ukurasa mmoja mmoja. Nilipofika kwa nyangumi mume wangu akasema hapo sawa kabisa, hapo umemaliza. Wifi naye akafurahi. Nikataka kufunga daftari.

Mama mkwe akasema, "Na Mahajanga?"

Mume wangu akajibu haraka, kabla sijaelewa vizuri. "Mama, kule hapana."

"Hapana kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi, hata hapa kwetu, hawaijui habari hii. Mahajanga ni mji wa bandari kaskazini magharibi mwa Madagaska, ndo mlango wa mashua zilizotoka visiwa vya Ngazija, yaani Komoro, Unguja na Lamu tangu zamani, na Wangazija waliishi pale kwa vizazi, wana misikiti, wana maduka, wengine wameoa huko huko. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1976 palitokea ugomvi, ukageuka mauaji, kwa siku chache tu wakauliwa Wangazija zaidi ya elfu moja. Waliosalimika walikusanywa, na mwaka uliofuata watu zaidi ya 16,000 wakarudishwa Komoro, wengi wao kwa ndege za shirika la Ubelgiji, Sabena, na hadi leo kule Komoro watu hao wanaitwa Wasabena. Mama mkwe ni Msabena. Alizaliwa Mahajanga, akaondoka ana miaka kumi na moja, akakulia Moroni, mji mkuu wa Komoro, akaolewa akaletwa Unguja. Mimi kama mkaza mwana hii habari nilikuwa naijua kwa vipande vipande tu, kipande nimepewa na wifi, kipande kwa mume wangu, yeye mwenyewe hajawahi kunikalisha akanisimulia na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilipopewa kazi ya kupanga safari, mume wangu alinambia ile ile siku ya kwanza kwamba upande ule usiuguse, na niliona ana haki, ni mama yake.

Kumbe mwenyewe alikuwa anasubiri tufike hapo.

"Mnapita Antananarivo," akasema, "mnakwenda huku, mnakwenda huku, mnakwenda kutafuta bahari ya watu wengine. Bahari yangu mimi mnaiwacha."

Mume wangu akamwambia mama sisi tunataka upumzike, hatutaki ukalie. Na mama mkwe akamjibu maneno ambayo nayakumbuka vizuri kabisa. "Mwanangu, kulia nshalia hapa hapa Unguja miaka yote na wewe umelala. N'nataka nikaoge."

Akanyosha mkono akachukua kalamu yangu. Akageuza karatasi ya masharti ya viza niliyoiprinti akaanza kuchora upande wa nyuma. Kwanza mstari mrefu wa pwani umepinda. Halafu duara. "Huu mbuyu. Mkubwa, mashina ungesema yako mengi na ni mmoja. Uko kati ya njia, gari zinauzunguka." Kutoka kwenye mbuyu akachora barabara ya kwenda ndani, akaweka msikiti, akarudisha kalamu nyuma, akaufuta msikiti kwa mistari miwili akauweka tena karibu zaidi na bahari, hapo ndo akaridhika. Nyumba yao akaichora na mlango na uwa. Pembeni akachora mto unaingia baharini, Betsiboka, akasema mvua zikinyesha bara maji yake yanakuwa mekundu kama mtu kamwaga udongo wa mfinyanzi, na bahari ya karibu yote inakuwa nyekundu, wakitaka kuoga wanapelekwa mbele, upande wa Amborovy, kwenye maji safi. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Watoto wote walikuwa wameshamzunguka.

Mdogo akamuuliza, "Bibi mlikuwa mnakula nini?"

"Wali. Asubuhi wali, mchana wali, usiku wali. Na asubuhi kuna mofo gasy, kama vitumbua hivi hivi vyetu. Mkimaliza kula, ule ukoko unabaki ndani ya sufuria, unatiwa maji, inarudishwa motoni yanachemka, hayo maji ndo mnakunywa."

"Yana sukari?"

"Hayana. Yananukia ukoko."

Wifi kule kwenye simu alikuwa analia, kageuza kamera anatuonesha dari la nyumba yake. Halafu akarudi akasema, mi nyangumi n'tawaona siku nyengine, tena akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kama anakataa chai. Mume wangu alichukua muda. Alitoka nje, akarudi, akaikamata ile karatasi akaiangalia muda mrefu, akamuuliza mama yake msikiti huu ni huu wa Ijumaa? Akamwambia ndio. Kwangu mimi swali hilo ndo lilikuwa jawabu.

Usiku ule ule nikaanza upya. Sainte-Marie nikaifuta yote. Antananarivo hadi Mahajanga ni kilomita kama 570 na barabara ni moja. Kuna wakala mmoja nilikuwa nawasiliana naye akasema masaa manane mtakuwa mmefika, nilipowauliza watu wanaopita njia ile wakanambia na watoto hesabu kumi, kumi na mbili, kwa hiyo yule nikaachana naye nikatafuta mwengine. Na hapo ndo nikaikuta Ankarafantsika. Ni hifadhi ya taifa, barabara inaipita katikati, kilomita zaidi kidogo ya mia moja kabla hujafika Mahajanga, sio msitu wa mvua, ni msitu mkavu unaopukutisha majani, una ziwa lenye mamba na una sifaka, lemuri weupe wenye mabaka ya kahawia mikononi na mapajani, ambao wakishuka chini hawatembei, wanaruka upande upande kwa miguu miwili. Nikamuamsha mtoto wa watu usiku kumuonesha video. Habari ya mkia wa pete ikaishia hapo. Nikaweka tulale Ankarafantsika mara mbili, siku ya kwanza watu watafika hawana mgongo, ya pili ndo waone msitu.

Andasibe ikabaki kama ilivyo, sikukubali kuigusa, maana ukienda Madagaska usiingie msitu wa mvua wa mashariki umepoteza nauli, haya ni mawazo yangu na nayasimamia. Antsirabe nikaipunguza.

Yaliyobaki ni mambo ambayo watu wanayasahau na mimi sikutaka kuyasahau na watoto watatu mkononi. Mwaka ule Madagaska kulikuwa na surua mbaya sana, watu zaidi ya laki moja walishaugua na wengi waliokufa walikuwa watoto, kwa hiyo nilitoa kadi za kliniki za wote nikaangalia chanjo moja moja, mdogo akawa hajapata ya pili nikampeleka asubuhi yake. Kadi ya njano ya homa ya manjano nayo nikaihakikisha, kwa sababu tunapitia Nairobi. Dawa ya kuzuia malaria kwa watoto inapimwa kwa kilo, na pwani ya Mahajanga malaria ipo kweli sio kama Antsirabe juu kule. Na masweta! Mtoto wa Unguja hajui sweta ni nini, na Julai usiku wa Antsirabe baridi inaweza kushuka hadi karibu na sifuri.

Mama mkwe ndo alinipeleka Darajani kwenye mitumba. Alichagua yeye, anavuta shingo ya sweta aone kama imelegea, anageuza mshono, anarudisha, muuzaji anamwambia bei anamkatia nusu. Njiani kurudi, tukiwa kwenye daladala, akanambia bila kunitazama kwamba siku ya kufika Mahajanga nisiweke programu yoyote, wala boti wala kutembezwa, kwamba atataka kwenda kwa miguu na atataka aende na mimi, wanawe wabaki hotelini kwanza. Nikamwambia sawa mama. Akaniuliza kutoka hotelini hadi mbuyuni ni mbali? Nikamwambia bado sijachagua hoteli.

"Chagua ya karibu," akasema, "magoti haya si ya mwaka ule."

Nikatoa simu pale pale ndani ya daladala nikaanza kutafuta.