Siku moja maishani mwangu: fundi mboji

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, nachomoa nondo niliyoilaza usiku kucha ndani ya lundo la tatu la taka tunazoozesha ziwe mboji, na kuishika ncha. Leo imenichoma, nikafurahi. Huko ndani joto limefika kama nyuzi 60, vijidudu vinakula, mbegu za magugu zinakufa. Wapita njia wanadhani tunachoma taka. Ule ni mvuke: maji yaliyokuwa kwenye nyanya na mananasi yanarudi angani.

Saa moja na nusu guta linaingia na maganda kutoka soko la Mabibo. Nachambua plastiki, napanga tabaka la maganda, la maranda, la samadi ya kuku, namwagia maji. Hapo ni mpaka saa nne.

Saa nne akaja mzee mmoja na jani la hindi alilolifunga kwenye gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, mbolea yenu imeniulia mahindi. Nataka hela yangu, na nauli ya bajaji."

Jani lilikuwa na unjano ulioanzia nchani ukashuka katikati kama herufi V. Nikajua papo hapo ni njaa ya nitrojeni, kile kirutubisho cha majani. Wiki tano nyuma nilimwambia lundo lile lina maranda mengi, halijaiva, asubiri. Akanijibu mbolea ni mbolea, akapakia magunia kumi.

Nikamweleza taratibu. Vijidudu vinataka takriban sehemu 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Maranda yana mamia ya sehemu za kaboni kwa sehemu hiyo 1 ya nitrojeni. Wakipungukiwa, wanaichota nitrojeni ya udongoni, mahindi yanabaki mikono mitupu. Wakishakufa wanairudisha, lakini mahindi hayangoji.

"Si mnasema nitrojeni imejaa hewani? Mahindi yasivute huko?"

Swali zuri, na nilimpendea hilo. Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, ila imeshikana kiasi kwamba mmea hauwezi kuila. Nikang'oa mkunde mmoja kwenye uzio, nikapasua kwa ukucha kinundu cha mzizini. Ndani mwekundu wa waridi. Nikamwambia humu wamo bakteria wanaoikamata ile ya hewani na kumlisha mkunde, naye anawapa sukari. Akakiangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Na hela yangu?"

Tulizungushana hivyo mpaka saa sita na nusu, jua la utosi, guta la pili linanisubiri nishushe. Hela sikumpa, kwa sababu nilimwonya. Nilimwambia awahi kuweka yurea kidogo, ile mbolea ya dukani, mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, na msimu ujao apande kunde katikati ya mahindi. Aliondoka hajaniaga, lakini kile kinundu alikitia mfukoni.

Mchana nageuza lundo la pili kwa uma. Gesi ya amonia inapanda inachoma macho, na inaniuma zaidi kwa kuwa ile ndiyo nitrojeni yenyewe inatoroka. Naongeza maranda, nageuza tena. Mgongo. Maji ya kunywa yameisha. Nadhani ilikuwa saa kumi, labda imepita, wingu jeusi likaja upande wa bahari. Mvua ikiingia inaosha naitreti yote, yaani nitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, mpaka mtaroni, kwa hiyo tunakimbilia maturubai, wawili tu, upepo unayanyanyua. La mwisho lilikuwa fupi kwa mita moja. Ile kona tumeifunika magunia matupu na kuyakandamiza kwa matofali.