Nilivyoishusha presha kwa kalamu na pakiti ya chumvi

Ushauri wa "usile chumvi mbichi" umenichosha. Tangu niambiwe nina presha, kila anayeingia kibandani kwangu hapa Ngamiani kupunguza suruali ananiachia na huo. Mbichi ipi? Mezani kwangu chumvi haijawahi kukaa. Yote ninayokula imepikwa, tena na mtu anayejua kupika, na mashine ilisoma 168 kwa 104 vilevile. Nilimuuliza daktari kama kuna moto wa kuiua chumvi. Akacheka. Uichemshe, uikaange, ni ileile.

Akasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kisicho na kilima, na humo umeshahesabu ya mkate na ya supu. Haya, kijiko hicho utakipimaje kwenye sufuria ya watu watano? Kwanza nilitoa amri ya mwenye nyumba: chumvi marufuku. Jioni kikaja kisamvu cha nazi, kizuri kwa macho. Tukala kimya. Kitinda mimba akauliza kama baba amefilisika. Kesho yake nikasikia harufu ya ng'onda inakaangwa uani, na ng'onda ni chumvi yenye samaki ndani. Amri yangu haikufika Ijumaa.

Kilichofaa ni hesabu, na hapa acheni nijisifu. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Watu watano kwa gramu 5 ni 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti isiishe kabla ya siku 20. (Watoto wanatakiwa hata pungufu, lakini tuanzie hapo.) Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika tarehe juu ya pakiti siku ilipofunguliwa. Basi. Sikuonja mchuzi wa mtu, sikugomba. Pakiti ikaisha mapema mno, mke wangu akaigeuzageuza, akasema, "Baba Salma, hapa kuna mtu anakuja kuazima bila kuniambia." Hakuna aliyeazima kitu. Iliyofuata akaibana kidogo, nyingine akaibana zaidi, na siku hizi anashindana na pakiti kuliko mimi. Vile vidonge vya kuungia mchuzi tuliviondoa kabisa, maana navyo ni chumvi ambayo kwenye hesabu yangu haionekani. Ndimu, ukwaju na tangawizi vimeshika nafasi. Ng'onda hatukumwacha, sisi ni watu wa Tanga. Analowekwa usiku kucha na maji yanamwagwa. Baada ya wiki chache ulimi ukazoea, na sasa supu ya kwa jirani inanikausha midomo.

Halafu mashine. Nilinunua ya kwangu, laki kasoro kidogo, nikafurahi, ikaanza kunitisha. Kliniki napimwa 150 na kitu, nyumbani 170. Wakaniambia ni mawazo. Mimi kazi yangu ni vipimo, sikukubali. Nikautazama ule mkanda wa mkononi, umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Nikavuta futi yangu shingoni, nikazungusha kwenye mkono wangu wa juu: 36. Miaka ya kusukuma cherehani, na chapati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, muuguzi alinithibitishia. Nikatafuta mkanda mpana, namba zikashikana na za kliniki. Tena kabla ya kupima unakaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, umeshakwenda haja ndogo, na hupigi soga. Mimi hupima asubuhi kabla ya vidonge na chai, mara mbili, naandika nyuma ya daftari la oda.

Kuna jambo hakuna mteja aliyewahi kunishauri. Daktari aliuliza dawa zote ninazomeza, hata za dukani. Nikamtajia diklofenaki, maana mgongo wa fundi huuma kila siku. Akasema hizo za maumivu, na ibuprofeni pia, zinapandisha presha. Nimeziacha, nainuka kila nikimaliza vazi, natembea mpaka barabara ya pili na kurudi.

Vidonge vya presha nameza kila siku. Wapo walioniambia ukivianza huviachi, wengine wanavimeza kichwa kikiuma tu. Mimi kichwa hakikuwahi kuuma hata kwenye 168. Vya mwanzo vilinivimbisha vifundo vya miguu, nikarudi, nikabadilishiwa. Sikuviacha kimyakimya kama alivyofanya baba yangu mdogo. Yeye asubuhi moja mdomo ulipinda, mkono ukalegea, maneno hayaeleweki. Wakasema kapigwa na upepo, wakamzungusha kwa mganga mpaka jioni, na hospitali ndipo tulipoambiwa ni kiharusi. Mkono wa kulia mpaka leo haushiki kikombe.

Mimi sasa nacheza kwenye 130 na kitu kwa 80 na kitu. Kitunguu swaumu, wanachoniambia wengine kuwa ndiyo dawa ya presha, naendelea kula, kwenye pilau. Na ukienda kununua mashine usione haya kubeba futi, pima mkono wako palepale dukani kabla hujalipa.