Mjomba na tisa zake tatu

Wiki iliyopita mjomba kanitumia picha kumi na saba WhatsApp, zote za jiwe moja. Ana kipande chake kule milima ya Uluguru, sehemu ambayo zamani watu walichimba ulanga (yale madini ya kung'aa yanayobanduka kama karatasi), na mkanda wa kwatzi, lile jiwe gumu la silika, umepita katikati ya shamba mweupe pee kama ugali wa sembe. Chini ya picha kaandika "mpwa hii si ndo ile ya kutengenezea kompyuta, dalali anasema imepima 99.9".

Nikacheka kidogo halafu nikaona nisicheke, maana hilo swali naulizwa kila mwezi na watu wenye leseni zao za uchimbaji kabisa.

Tuanze na hiyo 99.9, yaani asilimia ya usafi. Kwenye mtihani wa shule ni maksi za kuchinjiwa kuku, ila kwenye kwatzi inamaanisha kuna uchafu sehemu 1000 kwa kila milioni, yaani pipiemu 1000. Kwatzi inayotengeneza vile vyungu vya kuyeyushia silikoni ya chipu na sola inatakiwa uchafu wote ukijumlisha uwe makumi tu ya pipiemu, na ile safi zaidi inayotoka Spruce Pine, North Carolina huko Marekani, iko chini ya 20. Sasa we piga hesabu mwenyewe. Ndo maana kimbunga Helene kilipopiga kale kamji Septemba 2024 na migodi ikasimama, watu wa viwanda vya chipu dunia nzima walishika vichwa.

Na kinachochekesha, jiwe la Spruce Pine likiwa bado ardhini halina sura. Ni mwamba wa madoadoa, ulanga na madini mengine yaitwayo feldspa vimejaa humo, ukiwekewa pembeni ya jiwe la mjomba utachagua la mjomba. Ila wakishausaga na kuutenganisha, ile chembe ya kwatzi yenyewe ndani iko safi.

Hapo ndo watu wengi wanapotea. Uchafu uko wa aina mbili. Kuna ule uliokaa nje ya fuwele au kwenye nyufa, udongo mwekundu, ulanga, chuma, huo unaosha, unapitisha sumaku, unauelesha kwenye matangi, mwisho unaupiga asidi na unatoka. Halafu kuna ule uliozaliwa nao, alumini imekalia kiti cha silikoni ndani kabisa ya fuwele na kwa sababu chaji yake haitoshi inakuja na mwenzake lithiamu au sodiamu wa kujazia, titaniamu nayo inaingia hivyohivyo hasa kwatzi ikiwa imeganda kwenye joto kubwa. Huo hata uloweke asidi mwaka mzima hautoki. Kwahiyo swali la maana ni chafu kiasi gani baada ya kuosha kila kinachooshika, sio lilivyo likitoka shimoni.

Weupe wenyewe je? Aisee weupe wa maziwa mara nyingi ni vitone vidogovidogo vya maji na gesi vilivyonaswa ndani, mamilioni, na ukiyeyusha vinageuka mapovu kwenye chungu. Mteja wa vyungu hataki mapovu. Na yale mawe ya kwatzi ya zambarau yanayouzwa kama vito, ile rangi inatokana na chuma, mazuri shingoni, sio tanuruni.

Sasa ile 99.9 ya dalali ilitoka wapi? Nikauliza, kumbe walipiga na ile bunduki ya eksirei ya mkononi. Nzuri sana kwa dhahabu na shaba, siikatai, ila lithiamu haiioni, boroni haiioni, na boroni ni moja ya vitu ambavyo watu wa sola hawataki hata kuvisikia. Ukitaka pipiemu za kweli sampo inayeyushwa kwa asidi kali sana (usijaribu nyumbani, ile inakula mpaka mfupa) halafu inapimwa na mashine ya aisipii (ICP), inayosoma hata uchafu mdogo kabisa. Bei yake inauma, ila bora iume mara moja.

Na sampo zenyewe tunaziharibu wenyewe. Mtu anachagua kipande kizuri kuliko vyote, anakitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka unga, anapeleka, majibu yanarudi chuma kimejaa anaanza kulaumu maabara. Baba, hicho chuma ni cha kinu chako! Peleka mabonge, toa sehemu tofauti za mkanda na chini kidogo pia sio juu tu palipopigwa na mvua, waombe wasage kwenye bakuli la akiki, jiwe gumu la jamii hiyohiyo ya kwatzi.

Lakini sikumkatisha tamaa, maana chipu sio mteja pekee. Wenye matanuru ya silikoni wanataka mabonge makubwa yasiyopasuka yakipata moto, usafi wao sio wa kutisha. Wa vioo wanabana zaidi chuma, angalia ukingo wa kioo cha dirisha lako, ule ukijani ndo chuma chenyewe, kioo cha dirisha kinavumilia kidogo, cha sola hakivumilii. Mkanda wa mjomba unaweza kufaa huko, ingawa ukiweka na nauli ya lori mpaka bandarini sijui atabaki na nini mfukoni.

Juzi kapiga simu, anauliza yale mawe yenye madoa ya ulanga aliyoyatupa bondeni ayafanyeje. Nikamwambia arudishe mfuko mmoja nayo yapimwe, ila asiyavunje kwa nyundo.

"Sasa nivunje na nini mpwa, meno?"

Jiwe kwa jiwe, mjomba. Yaleyale kwa yaleyale.