Bill Evans, Scott LaFaro na Paul Motian: walikotoka kabla ya kukutana

Kundi la jazi la watu watatu aliloliongoza mpiga piano Bill Evans kuanzia mwisho wa 1959 hadi katikati ya 1961 husifiwa kwa jambo lile lile kila linapoandikwa habari zake, yaani kwamba piano, besi na dramu zilizungumza kama watu wa hadhi moja, badala ya vyombo viwili kukitumikia cha tatu. Sifa hiyo ni ya haki, ila mara nyingi huachwa bila maelezo, kana kwamba maelewano hayo yalizuka yenyewe siku walipokutana jijini New York. Mimi naona sehemu kubwa ya chanzo chake imo katika malezi yao ya muziki, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyelelewa ndani ya chombo kimoja tu.

Evans alizaliwa mwaka 1929 huko Plainfield, New Jersey, na tangu utotoni alijifunza piano, kisha fidla na filimbi. Wengi husahau kwamba filimbi ndiyo iliyomlipia masomo, kwani ilimpatia ufadhili wa kusoma chuoni Southeastern Louisiana, ambako alihitimu mwaka 1950, na baadaye aliipiga katika bendi ya jeshi. Alipomaliza utumishi huo aliendelea na masomo katika chuo cha muziki cha Mannes, akafanya kazi na mtunzi George Russell, na mwaka 1958 akaingia katika kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis. Mtu aliyezoea kupuliza hujua kwamba sentensi ya muziki ina mwanzo, kilele na mahali pa kuvuta pumzi, nami nadhani ndiyo maana mkono wake wa kulia huimba hata pale unapokwenda kwa kasi. Mkono wa kushoto nao uliacha mara nyingi kupiga sauti ya msingi inayobeba zile nyingine, na hivyo ukafungua nafasi katika sauti za chini, zilizo chini ya zile za piano.

Aliyeikalia nafasi hiyo ni mpiga besi Scott LaFaro, ambaye kwangu ndiye mwenye historia ya kushangaza kuliko wenzake. Alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1936, akakulia Geneva katika jimbo la New York, na baba yake alikuwa mpiga fidla. Alianza na piano, akaingia kwenye klarineti ya besi, kisha akapiga saksofoni ya sauti ya tenori alipokuwa sekondari. Besi kubwa la kusimama alilishika akiwa na umri wa miaka 18 hivi, na si kwa mapenzi bali kwa sharti, kwa kuwa wanafunzi wa ualimu wa muziki katika chuo cha Ithaca walitakiwa kujua chombo kimoja cha nyuzi. Miaka mitano tu baadaye alikuwa akirekodi na Evans!

Wapiga besi wengi wa wakati ule walikuwa wamefunzwa kutembea, yaani kupiga sauti moja kwa kila pigo na kuulinda mwendo ili wengine wasipotee. LaFaro aliweza kufanya hivyo, lakini masikio yake yalikuwa yameshatengenezwa na vyombo vya kupuliza ambavyo kazi yao ni kubeba melodia. Alipokuwa Los Angeles, mpiga besi Red Mitchell alimwonyesha namna ya kuchomoa nyuzi kwa vidole viwili vinavyopishana, na kwa ufundi huo akapata wepesi ambao besi haikutarajiwa kuwa nao. Desemba 1960 alishiriki pia katika rekodi ya mpiga saksofoni Ornette Coleman ambamo makundi mawili ya watu wanne yalipiga kwa wakati mmoja, huku Charlie Haden akiwa mpiga besi wa pili. Kwa hiyo alipomjibu Evans katikati ya sentensi yake, bila kungoja zamu, hakuwa akivunja adabu ya chombo, kwa kuwa adabu hiyo hakulelewa nayo.

Tarehe 25 Juni 1961, siku ya Jumapili, Evans, LaFaro na Motian walirekodiwa wakipiga mbele ya watu katika klabu ya Village Vanguard jijini New York. LaFaro alifariki katika ajali ya gari tarehe 6 Julai, akiwa na umri wa miaka 25. Albamu ya kwanza iliyotokana na siku hiyo ilipangwa kwa makusudi ili kumwonyesha yeye, nayo hufunguliwa na kufungwa kwa tungo zake mwenyewe.

Mpiga dramu Paul Motian huzungumzwa kidogo mno kuliko anavyostahili. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1931 katika familia yenye asili ya Armenia, akakulia Providence, Rhode Island, na alianza kwa gitaa kabla ya kuhamia dramu akiwa na miaka 12. Baada ya kutumikia jeshi la majini alibaki New York, akawa miongoni mwa waliopiga na mpiga piano Thelonious Monk. Ukisikiliza brashi zake, yaani vifagio vidogo vya kupigia dramu badala ya vijiti, pamoja na Evans, utagundua kwamba mara nyingi haonyeshi pigo lilipo, bali hulizunguka na kuwaachia wenzake kulibeba. Katika miaka ya 1960 na 1970 alipiga na mpiga piano Keith Jarrett, wakiwa na Haden yule yule kwenye besi, akanunua piano ya Jarrett, akaanza kutunga, na albamu yake ya kwanza kama kiongozi ikatoka mwaka 1973. Kundi lake mwenyewe la watu watatu, lililodumu kwa miaka mingi, lilikuwa na gitaa la Bill Frisell na saksofoni ya Joe Lovano, na halikuwa na besi kabisa.