Mafunzo kwa vitendo Baeza: nilivyoingia katika mji wa mizeituni

Nyumbani Tanga waliposikia nafasi yangu ya mafunzo kwa vitendo imepatikana Hispania, kila mtu aliwaza Madrid na mpira. Kumbe ni Baeza, mji mdogo wa kusini, mkoani Jaén, ambako mizeituni imejaa vilima vyote mpaka jicho linachoka. Mkoa huo mmoja una mizeituni zaidi ya milioni 60. Tangu 2003 Baeza na jirani yake Úbeda wamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa majengo yao ya karne ya 16, lakini wenyeji ukikaa nao watakuzungumzia mvua na bei ya mafuta ya zeituni.

Mambo ya viza nayaruka. Kazi ilikuwa kuzoeana na watu. Kihispania nilichojifunzia kwenye simu kilikuwa cha wasoma habari, na Waandalusia, watu wa eneo hilo la kusini, wanaongea mbio huku wakimeza "s" za mwisho.

Mlango niliupata kwenye duka la mikate. Foleni huioni. Bibi mmoja anatazama keki, mwingine yuko mlangoni, wa tatu anasimulia habari za goti lake. Anayeingia anasalimia wote, kisha anauliza "¿Quién es el último?", yaani nani wa mwisho. Mmoja anainua kidole, nawe unakuwa nyuma yake popote utakaposimama. Sisi tuliolelewa kutowapita wakubwa bila shikamoo, hapo hatuhitaji kufundishwa. Nikawa nasalimia kila mahali: duka la dawa, benki, kwenye ngazi za jengo nililopanga. Si muda nikaanza kuulizwa: mama hajambo? Kwenu kuna baridi? Unakula vizuri? Hasa hilo la kula.

Halafu nikachagua baa moja nikawa mtu wa pale. Usishtuke, kule baa ndiyo mgahawa na ndiyo kijiwe, wazee wanaanzia hapo kahawa ya asubuhi. Mkoani Jaén ukiagiza kinywaji, kwa kawaida unaletewa na kisahani cha chakula bila kulipia, ndiyo tapa. Tatizo, tapa nyingi zina nguruwe. Nilimwambia mwenye baa mara moja tu kwamba sili nguruwe wala sinywi pombe. Tangu hapo ikawa ni mosto, juisi ya zabibu, pamoja na jibini au samaki. Akiingia mgeni, yeye ndiye aliyemweleza habari zangu, kwa sauti, nami nimekaa palepale.

Kwenye kiwanda cha mafuta ya zeituni nilikofanyia mafunzo, siku huanza kuchangamka jioni, matrela yanaporudi kutoka mashambani. Zeituni huoshwa, husagwa na kokwa zake, kisha ule uji hukorogwa taratibu kabla ya mashine kuuzungusha kwa kasi na kutenga mafuta. Ukitaka chupa iandikwe kuwa mafuta yamekamuliwa kwa baridi, joto lisizidi nyuzi 27. Mimi nilichukua sampuli na kupima asidi: ikizidi asilimia 0.8, hayo si ya daraja la juu kabisa tena. Na vipimo peke yake havitoshi, lazima waonjaji nao wasikute kasoro. Msimamizi alinipa mafuta mapya kwenye kikombe cha kioo cha buluu, ili rangi isinidanganye. Yalikuwa machungu, halafu yakawasha koo, nikakohoa. Akacheka, akasema picual, aina ya zeituni za huko, ndiyo hiyo. Siku hizi mafuta yasiyowasha siyaamini.

Saa zao ndizo zilizonisumbua zaidi. Maduka mengi hufungwa saa nane mchana hadi kama saa kumi na moja, na chakula cha usiku ni saa tatu au nne. Dawa ni tosti ya asubuhi, yenye mafuta ya zeituni na nyanya iliyokwaruzwa, na kutonunua chochote cha maana mchana. Anayekwenda msimu wa mavuno, Novemba hadi Januari, abebe koti zito. Baeza iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zile za mawe usiku zina baridi kuliko barabarani.