Ninachobeba nikivuka feri usiku

Duka la dawa ninalofanyia kazi liko karibu na Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, na nyumbani ni Likoni, ng'ambo ya feri, upande wa Shika Adabu. Zamu yangu ilipohamishwa ikawa ya jioni, nikawa natoka saa nne usiku, nachukua tuktuk hadi kivukoni, navuka feri, kisha natafuta matatu au boda ng'ambo ya pili. Njia ni ile ile ya mchana, ila usiku ina wenyewe. Basi nikaumwaga mkoba wangu wote kitandani, nikaanza kuchagua kipi kirudi ndani na kipi kibaki nyumbani.

Ushauri haukukosekana. Binamu yangu mwenye boda aliniambia nitie kisu cha kukunja. Mwenzangu wa kazini akaisifu pilipili ya kupuliza, ile ya mkebe. Mamangu akasema, "Soma dua zako, na hizo bangili uziache kabatini." La mama nililichukua lilivyo. Hayo mengine mawili niliyapima.

Kisu nilikikataa upesi. Kivukoni na kwenye milango ya maduka makubwa kuna walinzi wanaokagua mifuko, na mimi sitaki kila usiku niwe na jambo la kujieleza. Tena Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inakataza mtu kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila sababu halali, na kuithibitisha sababu hiyo ni juu yako wewe uliyekutwa nayo. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mimi sijapigana na mtu tangu enzi za madrasa. Kijana anayekuja na panga hatishwi na kisu cha kumenyea embe, na kikinitoka mkononi kinakuwa chake.

Kuhusu pilipili nilimuuliza mwenzangu, "Upepo utakuwa unatoka wapi?" Juu ya feri, kusi ikivuma, hata mtandio haukai kichwani. Ukipuliza pale unajipuliza mwenyewe, pamoja na mama mwenye mtoto mgongoni aliyesimama nyuma yako. Ndani ya matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua ndiyo usiseme. Pengine inamfaa anayetembea peke yake kwenye barabara pana. Hatari yangu mimi imo ndani ya umati.

Baada ya hapo niliacha kuwaza nitapiganaje. Kila kitu pale kitandani nikawa nakiuliza: hiki kikichukuliwa usiku huu, kesho asubuhi nitakwama wapi? Simu ikajibu kabla ya vingine vyote.

Mwizi wa siku hizi anaitaka simu, lakini laini anaitaka zaidi. Ndani ya laini mna M-Pesa, mna mikopo ya simu, mna ujumbe wa benki. Halafu kuna zile kava zenye kijimfuko nyuma, zinapendwa sana hapa mjini, na watu hutia humo kitambulisho na kadi ya benki. Anayeipata simu kama hiyo amepata laini yako na namba ya kitambulisho chako kwa mkupuo mmoja, na ni hivyo viwili ambavyo huulizwa mara nyingi mtu anapotaka kubadilisha namba ya siri. Kwa hiyo kwangu simu na kitambulisho havikai pamoja hata dakika moja. Kukiacha kitambulisho nyumbani nako si dawa. Ukikutana na msako usiku bila hicho kijikadi unaweza kujikuta unajieleza kituoni.

Nikampelekea buibui langu fundi cherehani mmoja wa Mji wa Kale.

"Ami, nataka mfuko kwa ndani, hapa ubavuni, wenye zipu."

"Mfuko ndani ya buibui? Unataka kuficha nini, mwanangu?"

"Kitambulisho, Ami."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanishonea mifuko miwili kwa bei ya mmoja, akisema huo wa pili ni wa kutilia pesa nilizomnyima. Sasa wa kushoto ni wa kitambulisho, wa kulia ni wa simu kubwa, na mkobani hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kuna kinga nyingine isiyo na uzito wowote, nayo ni namba ya siri ya laini yenyewe. Si ile ya kufungulia kioo, wala si ya M-Pesa. Hii huwekwa kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, na mtu akiichomoa laini akaitia kwenye simu nyingine inamdai hiyo namba kwanza. Akikosea mara 3 inajifunga mpaka aweke PUK, yaani namba ndefu ya kuifungulia laini, na PUK akiikosea mara 10 laini imekufa. Ila kabla hujaiwasha, itafute namba ya siri ya mwanzo iliyokuja na laini. Imeandikwa kwenye ile kadi ya plastiki uliyobandulia laini, ambayo nusu ya Mombasa ilishaitupa siku ile ile ya kununua.

Nikabonyeza pia *#06#, zikatokea zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya kuitambulisha simu yenyewe, nikaziandika kwenye daftari linalokaa nyumbani pamoja na risiti ya simu. Ukienda kuripoti polisi upewe namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, maelezo yenye IMEI yana uzito kuliko "ni simu nyeusi, kioo kina ufa". Na M-Pesa yangu haibebi mshahara. Ukiingia tu, nauhamishia M-Shwari, ile akaunti ya akiba ya simu, na benki, nabakisha ya nauli na ya mboga. Mtu akinishikia panga aniambie nitume, nitatuma, na atakachopata hakitanifukuza kwenye nyumba ya kupanga.

Mkononi natembea na kabambe, mulika mwizi wa kawaida mwenye vitufe. Tochi ninayo humo humo, na betri hainisumbui. Watu wengi usiku huitoa simu kubwa kwa ajili ya kumulika tu, wakaitangaza kwa kila aliyeko gizani. Mimi simu kubwa naitumia nikiwa bado ndani ya duka: namtumia dadangu eneo langu kwa WhatsApp. Inakupa uchague dakika 15, saa 1 au saa 8. Nachagua saa 1, kisha simu inaingia mfuko wa Ami na haitoki mpaka nimefunga mlango wangu kwa ndani. Saa ikiisha sijampigia, yeye ndiye anayeanza kupiga. Na feri ikichelewa, nampigia kwa kabambe asihangaike bure.

Mkoba wenyewe ulinisumbua kuliko nilivyotazamia, kwa sababu njia moja ina wezi wa namna mbili. Wa kivukoni hangojei giza, anangojea lango lifunguliwe. Watu wamejaa kwenye banda la kusubiria, lango likifunguka wote wanateremka kwa pamoja kuelekea feri, wamesukumana bega kwa bega, na hapo ndipo zipu hufunguka au wembe hupita chini ya mkoba. Pale nautaka mkoba uwe kifuani, kamba imepita begani hadi ubavuni, kiganja juu ya zipu. Lakini mnyakuzi wa barabarani huja na boda, na kwake kamba ile ile ni balaa: haikatiki, boda haisimami, unayeburutwa ni wewe. Kwa hiyo nikishateremka ng'ambo naishusha kamba, nauning'iniza mkoba bega moja, upande wa ukuta. Akiuvuta, uende. Ndani hamna kitu cha kufia.

Tena nilichagua kamba yenye kifungo cha kubonyeza, si ya fundo. Hii ni ya baharini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa, na kwetu Likoni watu wazima bado wanaisimulia kwa majina ya majirani. Tangu nisikie masimulizi hayo sitaki kitu nilichojifunga mwilini nisichoweza kukivua kwa mkono mmoja nikiwa juu ya maji. Wanaonicheka kwa hilo huwa ni wa kisiwani, hawavuki kila siku.

Filimbi ninayo, ndogo ya plastiki, ya bei ya soda. Sauti ya mtu hukauka kwa hofu, filimbi haikauki. Watu huivaa shingoni kwa kamba. Mimi nimekataa, maana mwizi wa kupiga ngeta, yule anayekukaba shingo kwa nyuma, hahitaji kuongezewa kamba. Imebanwa kwa pini upande wa ndani wa mtandio, karibu na mdomo. Na haina maana kama anayeisikia hajui ni ya nini. Nilizungumza na mlinzi wa ploti yetu na majirani wa nyumba kumi kwamba wakisikia milio mitatu, kimya kidogo, halafu mitatu tena, ni mtu anahitaji msaada. Mitatu ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana hata mbali na hapa. Mlinzi alinijibu kwamba yeye filimbi yake huipiga mara nyingi kuliko hiyo na hakuna anayeamka, kwa hiyo tulikubaliana kwanza wao wenyewe wapunguze.

Funguo zipo kwenye kipete kisicho na jina wala namba ya nyumba. Lile fundisho la kubana funguo katikati ya vidole na kupiga ngumi nimelisikia sana. Jaribu kubonyeza meza hivyo uone ni nani anayeumia.

Kitu ninachokisisitiza, pengine kwa sababu ya kazi yangu, ni bahasha ya huduma ya kwanza. Si sanduku. Ni glavu jozi moja, shashi safi, bendeji pana ya kuzungusha, na dawa zangu mwenyewe za pumu. Jeraha la panga au la kuanguka na boda linalovuja damu nyingi linataka kitu kimoja haraka: shashi au kitambaa safi juu yake na kiganja kikandamize kwa nguvu bila kuinua kila mara kuchungulia. Kikilowa damu, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza, usikibandue. Kisha hospitali. Wagonjwa wamewahi kuletwa dukani kwetu na kahawa ya unga au dawa ya meno imepakwa kwenye jeraha, na kabla ya lolote mtu akalazimika kuiosha yote hiyo.

Bendeji ikikosekana kuna leso, na hii sitoki bila yake. Naitandaza juu ya mkoba kwenye matatu usionekane, najifunika mvua ikinipata, inafunga jeraha, inabeba mkono uliovunjika. Pindoni mwake nimefunga noti mbili za kurudia nyumbani, kama bibi zetu walivyofanya kabla ya pochi. Mkoba ukienda na kabambe ikienda, nauli ninayo. Na kwenye kipande cha karatasi nilichokipigia laminesheni nimeandika namba ya dadangu, ya jirani, 999 na 112 za dharura, na 1195 ambayo ni ya kuripoti ukatili wa kijinsia. Kinakaa na kitambulisho. Namba ya dadangu nimeihifadhi kichwani pia, jambo ambalo siku hizi watu wanaliona la ajabu kama kuhifadhi juzuu nzima.

Niseme pia kwamba kwa hesabu yangu kinachoweza kuniumiza zaidi usiku si panga, ni boda yenyewe. Kwa hiyo nina mwendeshaji mmoja wa steji ninayemjua, namba yake naijua, na ana helmeti ya abiria. Helmeti yake ilikuwa na harufu isiyoelezeka, nikawa nabeba kofia nyepesi ya kuvaa ndani yake. Hiyo kofia ndiyo kitu cha usalama ninachokitumia zaidi ya vyote, na hakuna aliyenishauri niibebe.

Vilivyobaki nyumbani ni vingi: pochi ya ngozi, kadi ya benki ya pili, bangili za mama, kitabu cha kliniki chenye anwani, na ile chupa ya manukato ya kioo. Mkoba ukawa mwepesi hata nikishuka feri mbio haunipigi kiunoni.

Mdogo wangu anaanza masomo chuoni Tudor mwezi ujao, na ameniomba nimpangie mkoba kama wangu. Nimemwambia haiwezekani. Yeye atatoka Kisauni asubuhi, atapita Daraja la Nyali kwa matatu, atarudi jua bado lipo, na kompyuta ya mkononi mgongoni ambayo mimi sina. Shida yake ni begi la mgongoni kwenye matatu iliyojaa na mahali pa kuiacha hiyo kompyuta akienda kuswali. Jumamosi tutaumwaga mkoba wake kitandani, lakini kwanza alete ile kadi ya plastiki ya laini yake, kama bado anayo.