Kebo ileile, laptopu ya zamani inashika, mpya inakataa

Intaneti ya waya ilikatika ghafla kwenye laptopu yangu ya Windows 11, huku Wi-Fi ya ruta ileile ikiendelea vizuri. Hapo mtoa huduma hana kosa. Tatizo liko kati ya ruta na laptopu. Nilianza kwa kuzima Wi-Fi kabisa. Ukiiacha inawaka, majaribio yako yatapita hewani na utadhani waya umepona.

Kisha nikatazama taa ndogo kwenye tundu la kebo. Hapa usiwe na haraka, maana taa hizi husema mengi kuliko ujumbe wa kwenye skrini. Zikiwa zimezimika moja kwa moja, shuku kebo, kichwa chake au tundu. Moja ikiwaka bila kuzima na nyingine ikipepesa, waya unapitisha, kwa hiyo hamia kwenye anwani ya IP, namba inayoitambulisha laptopu kwenye mtandao: fungua Command Prompt uandike ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake laptopu imejipangia yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, na ikishindikana zima ruta uiwashe tena. Kama anwani ni sawa na ping 8.8.8.8 inajibu lakini kurasa hazifunguki, hiyo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Taa zangu hazikuangukia popote hapo. Ziliwaka sekunde mbili tatu, zikazima, zikawaka tena, na skrini ikawa inasema kebo imechomolewa, mara inatafuta mtandao, mara imechomolewa. Nilihamisha kebo tundu la pili la ruta, kisha la tatu. Hali ni ileile.

Nikachomeka kebo hiyohiyo kwenye laptopu ya zamani, ikashika papo hapo. Hatua hii ndiyo inayowapoteza wengi: wanahukumu kwamba kadi ya mtandao ya laptopu ya kwanza imeungua, wanaipeleka kwa fundi. Mimi niliondoa draiva, programu inayoendesha kadi hiyo, kupitia Device Manager na kuwasha upya ili Windows iipakie tena. Haikusaidia kitu, na sasa najua kwa nini.

Jibu lilikuwa kwenye kasi. Fungua PowerShell uandike Get-NetAdapter, kisha soma safu ya LinkSpeed. Laptopu ya zamani ilionyesha 100 Mbps, kwa sababu kadi yake haiwezi zaidi ya hapo. Kebo ina nyaya 8, yaani jozi 4. Kasi ya Mbps 100 inatumia jozi mbili tu, pini 1 na 2 pamoja na pini 3 na 6. Kasi ya gigabiti moja, yaani Mbps 1000, inataka jozi zote nne. Lakini ruta na laptopu hupatana kasi kwa kutumia zilezile jozi mbili za mwanzo. Kila upande unasema unaweza gigabiti, wanapatana, wanajaribu kuamsha jozi nne, wanakuta moja imekatika, wanaachana na kuanza upya. Kadi nyingine hujishusha zenyewe hadi 100. Nyingine hurudia mapatano hayo bila mwisho. Ndiyo zile taa.

Kuthibitisha hakuhitaji kifaa. Kwenye Device Manager fungua kadi ya mtandao, kichupo cha Advanced, chagua Speed & Duplex, weka 100 Mbps Full Duplex. Taa zikatulia, kurasa zikafunguka. Ikitokea hivyo kwako, jozi ya bluu au ya kahawia, zile zisizotumika kwa Mbps 100, ndiyo yenye hitilafu. Usiiache hivyo, lakini. Ukilazimisha upande mmoja, ruta iliyobaki kwenye Auto kwa kawaida huishia Half Duplex, yaani kutuma na kupokea kwa zamu badala ya kwa pamoja, na mafaili makubwa yatakwenda kwa kusuasua. Rudisha Auto Negotiation, urekebishe kebo.

Kwenye testa, kifaa cha kupima nyaya za kebo moja moja, taa ya 4 upande wa pili haikuwaka: waya wa bluu. Mara nyingi mkatiko uko kwenye kichwa au sentimita chache nyuma yake, hasa pale kebo inapokunjwa kila siku. Nilikata sentimita 5 za mwisho upande wa laptopu, nikamenya ganda la nje kama sentimita 2.5, nikanyoosha nyaya na kuzipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate sawasawa zibaki milimita 12 au 13. Zikizidi, ganda la nje halitaingia ndani ya kichwa, koleo halitalibana, na mvuto wote utaangukia kwenye nyaya zenyewe. Kabla ya kubana, tazama mbele ya kichwa: lazima uone ncha 8 zinang'aa zimegusa ukuta wa plastiki.

Kwaruza pia waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika upesi ukiukunja, na kichwa kipya kitakupa muda tu kabla tatizo halijarudi. Wangu ulikuwa shaba tupu, lakini wa uzi mmoja mzito, ule wa kupitishwa ukutani na kuachwa hapo. Kwa mezani, ambako laptopu huchomekwa na kuchomolewa, inafaa kebo ya nyuzinyuzi, na hiyo ina aina yake ya vichwa. Uliza dukani kabla ya kununua.

Baada ya kubana, testa ilipita 1 hadi 8 kwa mpangilio, na LinkSpeed ikasoma 1 Gbps. Kebo ndefu sasa inaishia kwenye tundu la ukutani, na kutoka hapo hadi kwenye laptopu kuna kebo laini ya mita 2, iliyolegezwa nyuma ya meza isipinde kwa mduara wenye nusu kipenyo chini ya sentimita 2.5.